Safari Iliyonywewa kwa Maji ya Waridi

Alhamisi ile, kabla damu haijamwagika uani kwa Abdulrahim, watu walikuwa wakila ebitoke, ndizi za kupikwa, kwa adabu kubwa. Hilo lijulikane kwanza, asije mtu akadai kwamba nyumba ile haikuwa na heshima. Heshima ilikuwepo. Ilidumu mpaka saa tisa alasiri.

Nyumba yenyewe ilikuwa Nyabiyonza, miaka michache kabla ya ile vita kubwa ya Wazungu. Mbele palikuwa na duka la nguo, chumvi na shanga. Ng'ambo ya njia palikuwa na ghala la ngozi, na nyuma kibanja cha migomba. Kuzunguka vyote hivyo, isipokuwa ghala, palikuwa na ua wa matete mrefu kuliko mtu. Abdulrahim aliingia Karagwe akiwa kijana, amefuata msafara kutoka Pangani. Akaoa Mnyambo, akamzika, akabaki. Pwani hakuirudia tena. Kwanza alizuiwa na biashara, kisha na watoto, na sasa na mgongo uliokataa kunyanyuka bila kushikwa na watu wawili. Macho nayo yalikwisha kuingia ukungu.

Watoto wake walikuwa wawili. Mkubwa, aliyeitwa Mgeni, alikuwa na mabega ya fahali na elimu ya fahali huyo huyo, kwani chuo cha Qurani alikitoroka kabla hajaijua herufi ya tatu. Shufaa, wa miaka kumi na minane, alizisoma herufi zote, za kwake na za kaka yake.

Shufaa alikuwa utawani tangu alipovunja ungo. Miaka minne hakuvuka ua wa matete. Hata hivyo alikwisha kufika Bukoba, Mwanza, Tabora na Ujiji. Alijua kisima gani cha Unyanyembe kina maji ya chumvi, na mlima gani huwatoa wapagazi machozi. Safari zote hizo alizifanya ameketi juu ya jamvi, miguu ameikunja, bila vumbi.

Aliyempeleka huko ni Othman, karani wa misafara ya ngozi. Walianza hivi: siku moja Othman alikuwa dukani akimsomea mzee barua ya biashara, akalikosea neno. Sauti ikatoka nyuma ya pazia ikamsahihisha. Othman akainua macho. Pazia lilikuwa na tundu dogo, na katika tundu lile aliliona jicho moja, jeusi, linalocheka.

"Ahsante, pazia," akasema.

Basi. Mapenzi mengine huanza kwa mbalamwezi. Haya yalianza kwa kosa la kusoma, na tangu siku hiyo Othman alikosea kila barua kwa makusudi.

Alipokuwa safarini alimwandikia. Si mashairi ya nyota na asali. Alimwandikia alichokiona: njia, mito, vyakula, namna watu wanavyosalimiana. Kurasa zililetwa na wapagazi waliorudi, zikaingia ndani ya kapu la maandazi la Shangazi Mwaja, dada wa kambo wa Abdulrahim, mjane asiyejua kusoma lakini anayejua kunyamaza.

Mambo yaliharibika pale Mgeni alipolipekua kapu akitafuta andazi.

"Hii karatasi ni ya nini, Shangazi?"

Shangazi Mwaja alikuwa na muda wa kupumua mara moja tu. "Kombe la mgongo wa baba yako, aya za kuoshwa na kunywewa. Limeandikwa na mwalimu mmoja wa Tabora."

Mgeni aliziona herufi zile za Kiarabu zikitambaa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwake yeye, kila kilichoandikwa hivyo kilitoka mbinguni. Akaibusu karatasi, akaigusisha kipajini, akaiosha ndani ya bakuli kwa maji ya waridi mpaka wino wa masizi ukatoka wote. Akampelekea baba yake, naye akasema bismillahi na kuinywa safari ya Ujiji, pamoja na bei ya samaki.

Kesho yake mzee aliamka, akajinyoosha, na mgongo haukulia.

"Subhanallah!" akasema. "Lipo jingine?"

Lilikuwepo, maana wapagazi walizidi kurudi na kurasa. Ndani ya majuma mawili Abdulrahim alikunywa Unyanyembe, kivuko cha Mwanza na soko zima la Tabora. Afya yake ilizidi kuwa njema. Shufaa, kwa upande wake, alikonda. Kabla yake hakuna msichana Karagwe aliyewahi kulia kwa sababu baba yake kapona.

Na huzuni ya pili ilikuwa imeketi uani Alhamisi ile, inakula ndizi. Ilikuwa na ndevu za hina na jambia kiunoni, na iliitwa Abdulghani, mfanyabiashara wa Omurushaka, mume wa wake wawili. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Shufaa alikuwa awe wa tatu.

"Nasikia bibi harusi anasoma," alisema Abdulghani akifuta vidole. "Kwangu ataacha. Mke akianza kusoma, mwili uko jikoni, mwenyewe yuko Misri. Chakula kinaungua."

"Ataacha, mkwe," alijibu Abdulrahim. "Ni utoto tu."

Nyuma ya pazia Shufaa aliuuma mtandio wake mpaka uzi ukakatika.

Ndipo Mgeni akaingia na bakuli la maji ya waridi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Othman alikuwa amerudi jana kutoka pwani, baada ya miezi saba. Usiku huo huo aliandika, na asubuhi kapu likapita. Lakini Mgeni siku hizi alilisubiri kapu mlangoni kama mtoza ushuru.

"Kombe lako, baba. La leo ni nene."

"Ngoja," Abdulghani alisema, akinyoosha mkono. "Mimi ni mkwe wa nyumba hii. Niache nilisome kwanza, nilitie baraka."

Shangazi Mwaja akaliangusha kapu. "Bwana Abdulghani, kombe halisomwi! Likisomwa linapoa!"

"Nani kakwambia?" Alikwisha kulikunjua. Alisoma mstari wa kwanza kimya. Ndevu zikatulia. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayeng'oa miiba:

"*Kwa Shufaa, msomaji wangu. Nimeingia Pangani, mji aliozaliwa baba yako. Njia ya kwenda kwao ni nyembamba. Watu wawili wakipishana, mmoja sharti aombe radhi. Kila nilipoona kizuri niligeuka nyuma kukuonyesha, nikajikuta nawaonyesha wapagazi, nao wamenichoka. Miezi saba nimetembea na jicho lako moja. Naomba sasa nilione la pili.*"

Hata kuku waliacha kuparua.

"Endelea," alisema Abdulrahim.

"Niendelee?" Abdulghani aliruka wima. "Mkwe, umekuwa ukinywa barua za mapenzi za binti yako!"

Mzee alilishika tumbo kwa mikono miwili. Mgeni, ambaye kila karatasi aliibusu, aliutemea mate mkono wake na kuufuta mdomoni, akaufuta tena, mpaka midomo ikawa myekundu. Mtu hodari akiaibika hatafuti maji ya kunawa. Hutafuta mtu wa kumpiga.

"Othman," alisema. Akachukua rungu, akatoka.

Othman alikuwa ghalani akifunga mitumba ya ngozi. Hakupewa salamu. Rungu la kwanza lilimkuta begani, la pili mbavuni, na mbavu mbili zikalia kama kuni kavu. Alianguka juu ya ngozi. Mgeni alimshika mguu, akamburura kuvuka njia, kichwa kikigonga kila jiwe, mbele ya wachukuzi wa Kinyambo waliokuwa wakitafuna emwani, buni za kuchemshwa, chini ya upenu.

"Waitu, bwana wetu, utamuua!" mmoja alipiga kelele, buni zikimtoka mdomoni.

"Ndiyo kazi yenyewe!" Mgeni alijibu.

Uani alimtupa miguuni pa baba yake. Othman alijaribu kupiga magoti. Mgeni alimrudisha chini kwa teke la uso, na damu ya pua ikaruka mpaka kwenye sahani ya ndizi.

"Mkono gani unaandika?" Mgeni aliuliza.

Othman aliikumbatia mikono yote miwili kifuani.

"Nakuuliza kwa wema. Mkono gani?"

"Huu," alisema Othman, akinyoosha wa kushoto.

Ulikuwa uongo mzuri, na ungefaulu kama vidole vya wa kulia visingekuwa vyeusi kwa wino. Mgeni aliuvuta mkono wa kulia, akaulaza juu ya jiwe la kusagia, akalishusha rungu. Vidole vitatu vilivunjika kwa mara moja. Othman alilia kwa sauti ambayo haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, ilikuwa ya mnyama tu.

Abdulghani naye hakutaka kuachwa nyuma. Akaichana karatasi vipande, akamfungua Othman taya kwa kidole gumba na kumshindilia. "Mwenzako kainywa. Wewe uile! Kula Pangani yako!"

Na hapo ndipo pazia likapasuka.

Shufaa alitoka kichwa wazi, viatu hana, na mchi wa kinu mikononi. Miaka minne ya utawa ilimwisha kwa hatua tano. Mgeni alikuwa ameinua rungu kwa mara nyingine, na safari hii alilenga kichwa.

"Kaka, weka chini."

"Rudi ndani, mwanaharamu!"

"Baba yetu ni mmoja, na huyo hapo anakusikia. Weka chini."

Mgeni hakuweka. Shufaa akautupa mchi kwa nguvu zote za msichana aliyetwanga mtama tangu utoto. Ulimpata kaka yake juu ya kiwiko. Mkono ukakunjika mahali ambapo mikono haikunjwi, na rungu likaanguka. Fahali lile likakaa chini, likauangalia mkono wake kwa mshangao.

"Kanivunja," alisema. "Baba, Shufaa kanivunja!"

Abdulghani alimpiga Shufaa kofi lililomzungusha. Alipomshika nywele amrudishe ndani, aliumwa kifundo cha mkono mpaka mfupani. Alipiga ukelele, akachomoa jambia.

"Nyumba ya mashetani! Namchinja huyu mwizi kwanza, kisha tutazungumza ndoa!"

Shufaa aliangukia juu ya Othman, akamfunika kwa mwili wake. Hapo, kwa mara ya kwanza, walionana kwa macho yote manne, ingawa moja la Othman lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Kipande cha karatasi kilining'inia mdomoni mwake.

"Kumbe lipo," alinong'ona.

"Lipi?"

"Jicho la pili."

"Nyamaza, mjinga wewe," alisema Shufaa, na machozi yakamdondokea usoni yakichanganyika na damu. "Nyamaza, usife."

Jambia lilikuwa juu. Shufaa aliiona ncha yake, akajua kwamba kilio hakitalizuia, wala Qurani, wala majirani. Akamgeukia baba yake, ambaye alikuwa akijaribu kunyanyuka juu ya jamvi na kushindwa, kama kobe aliyepinduliwa.

"Baba! Unataka kujua barua iliishaje?"

Abdulrahim aliacha kuhangaika.

"Ilisema unapoingia njia ile nyembamba," Shufaa alianza haraka haraka, "kuna mlango wenye misumari ya shaba, na benchi la mawe, na mbele yake mwembe, na msikiti uko kushoto, na mwadhini ana sauti ya—"

"Msikiti uko kulia," alisema mzee.

"Kulia, ndiyo, nimesahau—"

"Na mwembe haupo. Ni mti wa mkungu. Niliwahi kuanguka kutoka juu yake." Macho ya ukungu yalimwelekea. "Unaniongopea, Shufaa. Hukuisoma."

"Sikuisoma, baba," alisema Shufaa. "Umezinywa zote, na hii wameila. Ukweli wote uliobaki wa Pangani umo ndani ya kichwa cha huyu mnachokipasua. Basi pasueni. Muutazame ukimwagika."

Abdulghani alimtazama mzee, akingoja neno.

"Kijana," alisema Abdulrahim. "Ulifika nyumbani kwetu kweli, au uliandika tu kumfurahisha mtoto?"

Othman alitema karatasi na jino. "Nilifika, mzee. Aliyenifungulia ni Bi Mwanaidi."

Mzee Abdulrahim aliubana mkono kifuani. Mwanaidi alikuwa dada yake wa tumbo moja. Alimwacha ana miaka tisa, analia mlangoni, na kwa miaka thelathini na mitano hakujua kama yu hai.

"Kasema nini?"

"Mengi. Alisema asubuhi mpaka adhuhuri, mimi nikishika kwa moyo. Kisha akanilisha kiapo: nisikusimulie kwa mdomo. Alisema watu wa bara wakisimulia huongeza chumvi, na ukisikia mara moja utasahau. Alitaka yaandikwe, neno kwa neno, ili usomewe kila siku utakayomkumbuka. Jana usiku niliandika mwanzo tu. Yaliyobaki..." Akauinua mkono wa kulia. Vidole vilining'inia kama ndizi zilizopigwa na mvua ya mawe.

"Porojo!" Abdulghani alifoka. "Mkwe, chagua. Mimi, au huyu mla karatasi!"

"Rudisha jambia lako alani."

"Nimesema chagua!"

"Na mimi nimechagua. Umemtilia mdomoni salamu za dada yangu, ukamwambia azile." Mzee aliokota bakora yake, akampiga nayo Abdulghani mguuni kwa nguvu ambayo mgongo ule haukuwa nayo tangu mwaka jana, na Abdulghani akaruka kwa mguu mmoja. "Ondoka kwangu. Mahari yako utarudishiwa kesho, hata ule mwavuli uliouleta, na kishikio chake."

Abdulghani aliondoka akichechemea, akitukana kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na, alipofika njiani, kwa Kinyambo, maana matusi ya huku yana uzito zaidi. Shangazi Mwaja alikuja na vitambaa na vijiti. Akamfunga Mgeni mkono, akamfunga Othman vidole, akiwapiga wote wawili vikofi vidogo kila walipolia.

Mzee alikuwa akifikiri. Ilionekana wazi, kwa kuwa alitikisa kichwa kila alipofika mahali pabaya.

"Andika kwa mkono wa kushoto," alimwambia Othman.

"Hata Mgeni angeandika vizuri kuliko mimi, mzee."

"Basi umtajie mwalimu wa chuo, aandike."

"Bi Mwanaidi alitaja mambo ya marehemu mama yenu. Na ya kesi ya shamba. Je, mwalimu ayajue?"

"La! Hapana." Akatikisa kichwa. "Wa nyumba hii basi. Nani wa nyumba hii anajua kuandika?"

Shufaa alikuwa ameketi chini, kichwa cha Othman kiko mapajani mwake, anaangalia kucha zake kwa unyenyekevu ambao haukuwa wa kawaida yake.

"Huyu ataje, huyu aandike," alisema mzee polepole. "Lakini mtoto wangu yu utawani. Hawezi kuketi na mwanamume asiye wake, siku ngapi?"

"Siku ishirini," alisema Othman. "Au mwezi. Nikikumbuka vizuri."

"Baba," Mgeni alilalama kutoka ukutani, "baba, usiseme unachotaka kusema."

"Wewe umeibusu kila barua yake. Huna neno." Mzee akageuka. "Shufaa. Unamtaka?"

Bibi harusi mwenye adabu hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Shufaa alikuwa amekwisha kumvunja kaka yake mkono, amemuuma mchumba na kutembea kichwa wazi mbele ya wachukuzi. Hakuona faida ya kuanza adabu sasa.

"Namtaka, baba."

"Mwaja. Wageni wa kesho wamekwisha kualikwa?"

"Wamealikwa, kaka. Na mbuzi wamenunuliwa."

"Basi wasirudishwe."

Ndivyo Othman alivyofungishwa ndoa Ijumaa ile, uso umevimba kama fenesi. Mwalimu alimuuliza mara mbili kama ndiye bwana harusi au ni majeruhi aliyekuja kuombewa. Mgeni alikuwa shahidi. Alitia alama ya kidole kwa mkono wa kushoto, akamnong'oneza shemeji yake, "Ukimliza, nina mkono mmoja mzima." Othman akajibu, "Ukinipiga, dada yako ana mchi." Mgeni, kwa shingo upande, akampa punje moja ya emwani atafune.

Jioni, kabla ya magharibi, waliketi watatu: Othman amelazwa juu ya mito, Shufaa ana kalamu na wino mpya, na mzee upande wa pili wa pazia, maana kiapo hakikumkataza kusikia yanapoandikwa, shavu limeegemea ukuta. Mkono wa Shufaa uligusa wa Othman kidogo, pale juu ya vitambaa, na haukuondoka.

"Tuanzie wapi?" aliuliza Shufaa.

"Mlangoni," alisema Othman. "Bi Mwanaidi alipofungua, aliuliza: huyo ndugu yangu bado anakoroma?"

Nyuma ya pazia kulisikika kicheko, kisha kilio, kisha sauti iliyojaribu kuwa kali.

"Polepole, wanangu," alisema Abdulrahim. "Tusifike upesi."